Kutoka Ntalikwa kwa Pangaboi

Sisi wa Ntalikwa ni watu wa treni. Ndege huwa tunaiona ikipita juu ya mashamba ya karanga na tumbaku. Tunanyoosha mgongo, tunaitazama, tunarudia jembe. Kwetu kwenda Dar es Salaam ni kuingia Tabora mjini, kuwahi stesheni, kupanda behewa na kuziacha Itigi, Manyoni, Dodoma na Kilosa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo binti yangu aliponikatia tiketi ya ndege ili niwahi sherehe yake ya kuagwa, nilimshukuru sana kwenye simu, kisha usiku sikupata usingizi. Niliogopa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia Ziwa Victoria ikiwa inaenda kutua Bukoba, watu 19 wakafariki, na zile picha za wavuvi na wananchi wakiivuta kwa kamba sidhani kama kuna Mtanzania aliyezisahau.

Bahati yangu, mpwa wangu alikuwa nyumbani likizo. Ni mtoto wa dada yangu, fundi wa ndege. Alisomea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, sasa yuko karakana huko Kilimanjaro. Nilipomweleza woga wangu hakucheka wala hakuniambia nimtegemee Mungu tu, ingawa hilo nalo ningelipokea. Alivuta kigoda, akakaa.

"Mjomba, kama ni kuogopa, ogopa kitu unachokijua. Kesho utapita kwa miguu karibu kabisa na gurudumu la ndege. Acha nikueleze utazame nini."

Akaokota kijiti, akachora mchangani. Ndege zinazokuja Tabora nyingi ni za mapanga, hizi tunazoziita pangaboi. Iliyo kubwa, ikijaa watu, mizigo na mafuta, hukaribia tani 29. Ikiwa ardhini, uzito wote huo umebebwa na miguu mitatu: mmoja chini ya pua na miwili mikubwa inayotoka chini ya injini. Kila mguu una matairi mawili. Matairi sita, basi. Pungufu ya lori la mizigo linalopita barabara ya Nzega. Na lori halianguki kutoka angani.

Nilimuuliza kinachozuia mguu usivunjike. Akanieleza kwamba mguu ni nguzo ndani ya nguzo, shokapu kubwa. Ndani yake kuna mafuta ya haidroliki na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Ndege ikigusa ardhi, nguzo ya ndani inasukumwa juu, mafuta yanalazimika kupenya kwenye tundu dogo, na kishindo chote kinaishia kuwa joto. Ile sehemu ya nguzo inayoonekana nje hung'aa kama kioo. Fundi akiitazama anajua mambo mawili kwa mara moja. Ikiwa fupi kuliko inavyotakiwa, gesi imepungua. Ikiwa na mafuta yanayochuruzika, mpira wa kuzuia umechoka. Na hapa mpwa wangu akanyoosha kidole kwenye vumbi jekundu la uwanja wa nyumba yetu: "Hili ndilo adui. Vumbi likikaa kwenye chuma kile laini, kila nguzo inapopanda na kushuka ni kama unapiga msasa. Ule mpira unakatika. Ndiyo maana utamwona mtu anaifuta kwa kitambaa, na watu wanadhani anaipamba ndege."

Alinieleza mengi, na mengi niliyashika haraka kwa sababu ya marehemu baba yangu, ambaye ni babu yake. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na baadaye mji wetu ukawa njia panda ya treni: huku Kigoma, huku Mwanza, huku pwani. Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikisimama, yeye huteremka na nyundo yenye mpini mrefu, anapita kando ya behewa moja hadi jingine akigonga kila gurudumu. Gurudumu zima hulia wazi, mlio unachukua muda kufa. Lenye ufa hutoa sauti butu. Abiria wamelala, wengine wananunua mayai na asali dirishani, na mtu mmoja anasikiliza chuma gizani. Nilipokuwa mtoto niliona kazi ile ni ya upweke. Niliposikia maelezo ya mpwa wangu nilitambua kwamba familia yetu haijabadilisha kazi hata kidogo.

Kulipokucha tulipanda bodaboda, yeye na begi langu, mimi nyuma na kofia ya barakashia niliyoishika kwa mkono. Nchi hii yote ya Unyanyembe ni ya wasafiri. Kwihara bado lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba: pembe, vitambaa, shanga, kila mtu na mzigo wake begani au kichwani, na mguu wa mpagazi ndio uliokuwa chombo cha usafiri. Mpagazi akiumwa mguu, mzigo umelala njiani. Mimi nilikuwa naenda kuimaliza njia ile kwa muda usiofika saa mbili.

Uwanja wa Tabora una habari yake ya zamani ambayo watu wachache wanaijua, na mpwa wangu ndiye aliyenisimulia tulipokuwa tunangoja. Mwaka 1920 gazeti la The Times la London lilikodi ndege kubwa ya Vickers Vimy, ya kubebea abiria, ishindane kuwa ya kwanza kufika Cape Town kutoka Uingereza. Marubani walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, na pamoja nao alipanda Peter Chalmers Mitchell, katibu wa Chama cha Wanyama cha London, kama mwandishi wa gazeti. Waliondoka Brooklands tarehe 24 Januari. Wakapita Misri, Sudan, Uganda, Kisumu, wakihangaika na injini karibu kila kituo. Wakaingia Tabora. Tarehe 27 Februari, wakiruka kuendelea na safari, injini ikawasaliti, ndege ikaanguka. Watu walipona. Ndege haikupona, na safari yao ikaishia kwetu. Cape Town walifika Waafrika Kusini wawili, van Ryneveld na Brand, tarehe 20 Machi, wakiwa kwenye ndege yao ya tatu baada ya mbili za mwanzo kuharibika.

Miguu ya Vimy ilikuwa haikunjwi. Ilining'inia chini muda wote, imefungwa kamba za mpira za kupunguza kishindo, na uwanja wenyewe ulikuwa ardhi iliyosawazishwa kwa jembe. Mwaka mmoja kabla, vikosi vya Jeshi la Anga la Uingereza vilitumwa kutengeneza viwanja katika njia yote ya Cairo hadi Cape Town, na moja ya kazi nzito ilikuwa kung'oa vichuguu. Anayelima huku anajua kichuguu ni nini. Ukikivunja leo, mvua ikinyesha kinaanza upya. Nani alikuwa anayakagua magurudumu ya ndege ile? Walikuwa nao fundi wa injini na fundi wa mbawa, wote wawili wakiruka humo humo na marubani. Waliyoyaona kwa macho ndiyo waliyoyajua.

Sasa kuna lami, na ndege yetu ilishuka juu yake vizuri tukiitazama kupitia kioo. Abiria waliposhuka nikamwona rubani msaidizi naye anashuka, amevaa kizibao cha kung'aa, tochi mkononi ingawa jua lilikuwa limetoka. Akaizunguka ndege. Mpwa wangu akawa ananitafsiria kila hatua kwa sauti ya chini.

"Sasa anatazama kashata za tairi. Kipara hakikubaliki. Anatazama kama kuna mkato. Mkato una kipimo chake, ukivuka kipimo tairi linatoka. Ameinama, hapo ni breki. Kuna kijipini kinachochomoza. Kadiri breki inavyolika ndivyo kinavyozama. Kikilingana na chuma, breki imekwisha, hakuna mjadala. Sasa anamulika juu, ndani ya tundu la mguu. Anatafuta mafuta, bomba lililolegea, ndege aliyejenga."

"Ndege aliyejenga?"

"Kiota, Mjomba. Hutokea."

Akanionyesha pia kitu ambacho nisingekiona kwa macho yangu: kwenye nati nyingi za mguu huchorwa mstari mdogo wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Nati ikijizungusha hata kidogo, mstari unakatika. Mkaguzi hahitaji spana, anahitaji jicho. Na matairi hayajazwi upepo wa kawaida, hujazwa naitrojeni, kwa sababu haina unyevu wa kuganda huko juu kwenye baridi, wala haisaidii moto breki zikipata joto kali. Joto hilo si la kupuuza Tabora. Uwanja wetu uko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa ardhi kwa kasi zaidi kuliko ingegusa Dar, na breki ndizo zinazolipa tofauti.

Ule mzunguko ulichukua muda. Abiria mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti kwamba tumechelewa na huyu bwana anatembea tu. Nilitamani kugeuka nimwambie. Tumezoea kuipima huduma kwa saa, na saa ni haki ya abiria, lakini dakika za mtu anayeinama chini ya ndege na tochi si dakika za kucheleweshwa. Ndizo tulizolipia nauli.

Niliagana na mpwa wangu, nikatoka na wenzangu hadi kwenye ndege, na kweli njia ilitupitisha karibu na mguu wa kushoto. Nilikuwa nimeambiwa nisisimame, kwa hiyo nilipunguza mwendo tu. Niliiona ile nguzo inayong'aa. Niliiona mistari ya rangi. Niliuona mguu wenyewe ulivyo mrefu na mwembamba kwa mzigo ule, nikapanda ngazi nikiwa na woga mwingine kabisa kuliko wa jana; huu wa leo ulikuwa na heshima ndani yake.

Binti yangu alinichagulia kiti cha dirishani, na kiti hicho kilikuwa chini ya bawa. Pangaboi hizi bawa liko juu, kwa hiyo aliyekaa pale mguu anauona wote. Tulipoiacha ardhi niliyaona matairi yakizunguka hewani bila kazi, kisha mguu ukarudi nyuma, ukakunjwa, ukaingia chini ya injini, na milango yake ikafunga. Miembe ikawa midogo, mapaa ya bati yakamulika, misitu ya miyombo ikaenea pande zote. Nililitafuta shamba langu, sikuliona. Nikabaki na lile nililosimuliwa kuhusu miguu ya aina ile ile ya ndege, mwaka 2007.

Tarehe 9 Septemba 2007 ndege aina ya Q400 ya shirika la SAS ilitoka Copenhagen kwenda Aalborg, Denmark. Mguu wa kulia haukujifunga vizuri. Ulipogusa ardhi ukakunjika, bawa likalala, mapanga yakapiga lami na vipande vyake vikatoboa ubavu wa ndege. Siku tatu baadaye, tarehe 12, ndege nyingine ya aina hiyo ya shirika hilo hilo ikatua Vilnius, Lithuania, na mguu wa kulia ukakunjika vile vile. Hakuna aliyekufa, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini mbili ndani ya siku nne si bahati mbaya tena.

Wachunguzi waliufuata mguu hadi kwenye mtungi wa haidroliki unaouvuta na kuushusha. Ndani yake kuna mtaimbo, na kichwa cha mtaimbo kimekazwa kwa meno ya skrubu. Kutu iliingia kwenye meno hayo. Ikala taratibu, mwezi hadi mwezi, mahali ambapo tochi haifiki, mpaka kichwa kikachomoka. Mguu badala ya kushushwa pole pole ukaanguka kwa uzito wake wote, na kishindo hicho kikavunja viungo vinavyoufunga usikunjike. Rubani wa Tabora angeweza kuizunguka ndege ile mara kumi, asione kitu. Mtengenezaji, Bombardier wa Kanada, akataka ndege zote za aina hiyo zilizokwisha kuruka na kutua zaidi ya mara 10,000 zisimame hadi mitungi ile ikaguliwe. Dunia nzima zikasimama.

Kisha tarehe 27 Oktoba, ndege ya tatu ya SAS ikatua Copenhagen mguu mmoja ukiwa umegoma kushuka kabisa. Safari hii si kutu. Kipete kidogo cha mpira kilikuwa kimeingia mahali pasipo pake kwenye mfumo wa haidroliki, kikaziba tundu. Kesho yake SAS ikatangaza kuachana na ndege hizo moja kwa moja.

Nilipoisikia mara ya kwanza pale kigodani, nilimuuliza mpwa wangu kwa nini basi zinaruka hadi leo, na kwa nini Tanzania nayo ikazinunua. Q400 mbili za kwanza za Air Tanzania zilipofika Septemba 2016 ilikuwa miaka tisa tu imepita. Alijibu kwamba ndege haiwi salama kwa kutowahi kuharibika. Inakuwa salama kwa sababu kila ilipoharibika mahali fulani duniani, mtu aliandika, na kilichoandikwa kikawa amri kwa fundi wa kila nchi. Yeye hajawahi kufika Aalborg. Lakini ipo siku kwenye kalenda ya karakana anapolazimika kufungua na kutazama mahali fulani kwa sababu ya Aalborg.

Ndipo nikaelewa ngazi za kazi yao. Ule mzunguko wa rubani ni ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna ukaguzi wa fundi mwenye leseni. TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ndiyo inayompa leseni na ndiyo inayoweza kumnyang'anya. Kuna ukaguzi mkubwa zaidi ambapo ndege inapandishwa juu ya jeki, miguu inakunjwa na kukunjuliwa humo humo karakana watu wakitazama kila kiungo. Na kuna siku mguu wenyewe unang'olewa mzima. Unavuliwa rangi, unavunjwa kipande kwa kipande. Vyuma vinatiwa sumaku na kumwagiwa chembe za chuma ambazo hujikusanya penye ufa hata kama ufa ni mwembamba kuliko unywele. Vingine hupakwa rangi maalumu inayopenya kwenye nyufa na kung'aa chini ya taa ya zambarau. Hapa ndipo nilipomwona baba yangu na nyundo yake. Anachotafuta mkaguzi ni kile ambacho chuma hakitaki kusema.

Kuna hesabu moja ambayo kila abiria wa mikoani anapaswa kuijua. Umri wa miguu ya ndege hauhesabiwi kwa saa za angani peke yake. Huhesabiwa kwa idadi ya kutua. Ndege kubwa inayotoka Dar kwenda nchi za mbali inaweza kukaa angani saa nyingi na kutua mara moja. Pangaboi yetu inatua, inaruka, inatua, mkoa hadi mkoa. Ikitua mara sita kwa siku, kwa mwaka mmoja imetua zaidi ya mara 2,000, na ile 10,000 ya mwaka 2007 inafika kabla ya miaka mitano. Kwa hiyo sisi wa Tabora, Kigoma, Mpanda na Bukoba ndio tunaozitumia sana karakana, hata kama hatujawahi kuziona. Serikali inaponunua ndege mpya kuna ngoma na hotuba, na mimi nafurahi nao. Ningependa pia kusikia hotuba moja tu kuhusu mafundi wangapi wamesomeshwa, na vipuri vya miguu vimewekwa wapi.

Tulivuka milima, mawingu yakatushika na kututikisa, nikasoma nilichokijua cha kusoma. Kisha bahari. Ndege ikainama upande, na bila kutangaziwa chochote nikaona milango chini ya injini inafunguka. Mguu ukashuka. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mbele rubani anangoja taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu, na zisipowaka tatu hatui; atazunguka, atajaribu njia ya akiba ya kuushusha mguu, ataomba msaada wa mnara. Nilikaza macho kwenye kile kiungo cha katikati hadi nikakiona kimenyooka na kutulia. Jirani yangu, mama mmoja wa Urambo, aliniuliza natazama nini. Nikamwonyesha. Akasogea, tukatazama pamoja.

Matairi yaligusa lami ya Dar es Salaam, moshi mwembamba ukaruka, nguzo ile inayong'aa ikazama ndani ya mguu, ikatulia. Yule mama akavuta pumzi, akasema, "Kumbe ndiyo hivyo."

Simu yangu ilikuwa haijamaliza kuwaka nilipopigiwa kutoka Ntalikwa. Mpwa wangu hakuniuliza kama niliogopa. Aliuliza iligusa mguu wa kulia kwanza au yote pamoja, ilidunda au haikudunda, na breki zilipiga kelele yoyote. Nilimjibu yote, na kila jibu nililitoa nikiwa na hakika nalo. Wakati huo nilikuwa tayari chini, nikiufuata mstari wa kuelekea jengo la abiria, na nyuma yangu fundi wa Dar alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la kushoto, kwa sababu ndege ile ile ilikuwa na safari nyingine mchana.

"Ana tochi?" aliuliza.

"Anayo."

"Basi nenda kwenye sherehe, Mjomba. Mimi Jumatatu narudi Kilimanjaro, kuna mguu tunaung'oa."